Shangingi lilivyogeuka mali ya umma baada ya kupigwa mnada

NDUGU msomaji, umewahi kuona kuku akitagia mayai kwenye kiti alichokuwa akikalia mheshimiwa? Mimi nimeona. Nimeona kwa macho yangu mawili, nyuma ya nyumba ya mjomba wangu mjini Tukuyu, chini ya migomba. Kiti chenyewe kilikuwa cha nyuma kushoto, pale panapokaa bosi, ndani ya Toyota Land Cruiser VX ya lile toleo linaloitwa Series 80. Vioo vya giza, kiyoyozi mbele na nyuma, zulia miguuni. Kuku akalalia humo na kutotoa vifaranga, na hakuna dereva aliyeshuka kumfungulia mlango.

Leo gari hilo hilo linapanda Mwakaleli na kushuka na viazi, maziwa na ndizi, na siku nyingine linashuka na mgonjwa. Kutoka kwenye kuku hadi kwenye viazi kuna kisa kirefu. Nakieleza hapa kwa sababu si cha mjomba peke yake. Kinamhusu kila kijana anayekaa kijiweni akiota siku atakayoshika usukani wa shangingi, na kinamhusu kila mlala hoi aliyewanunulia wenzake shangingi kwa kodi yake bila kuulizwa.

Jina lenyewe linasema

Neno shangingi halikutoka Japani. Mitaani lilikuwa jina la mwanamke aliyeuzoea mji, anayependa makuu na anayejua kuchuna mabuzi. Watu walipoanza kuona magari makubwa ya kifahari yakipita yakiwamwagia matope, wakaona sifa ni zile zile: linapendeza, linajiona, na linakula fedha ya mtu mwingine. Wakalibandika jina hilo, na halikubanduka tena. Mtanzania hana silaha nyingi, lakini kwa kutunga majina hajawahi kushindwa.

Wazee wetu wanakumbuka vigogo wa zamani walivyopita Rungwe na Land Rover 109, na mjini wakatumia Peugeot 504. Series 80 ilianza kuuzwa mwaka 1990, na katika miaka ile ya mageuzi ya vyama vingi na miradi ya wafadhili, ikawa ndiyo alama ya ulaji. Ukiona VX imeegeshwa nje ya hoteli, ujue ndani kuna semina ya kupunguza umaskini.

Mnada

Mjomba alilinunua lake mwaka 2011. Mimi nilikuwa shule ya msingi bado, lakini siku ile naikumbuka kuliko siku yangu ya kumaliza kidato cha nne. Lilikuwa gari la mwaka 1993, mali ya mradi mmoja ambao sitautaja, likatangazwa kuwa chakavu na kupigwa mnada. Mjomba aliuza ng'ombe wawili na kipande cha mikaratusi aliyoachiwa na baba yake. Akaongeza na fedha ya chai. Akarudi Tukuyu akipiga honi kuanzia Kiwira.

Nasema ukweli, hakulinunua kwa ajili ya kazi. Alilinunua kwa ajili ya watu. Alitaka walewale waliomwona akisukuma baiskeli ya ndizi wamwone ameshusha kioo. Kwa miezi kadhaa ikawa raha tupu: Jumapili kanisani, Jumamosi harusini, na kaseti kwa sauti ya juu. Dizeli ikanunuliwa kwa fedha ya mbolea. Tangi lake linakaribia kumeza lita 95, na kwa milima yetu ukipata kilomita saba kwa lita umshukuru Mungu.

Mwaka 2013, katika kupanda kuelekea Isongole, injini ikanyamaza. Haikutoa moshi wala haikuchemsha. Ilinyamaza tu, kama mtu aliyekatwa kauli. Gari likavutwa kwa trekta hadi nyumbani, likawekwa chini ya migomba, na kuku wakahamia kwa miezi minane.

Balbu iliyochomolewa

Tukuyu kuna fundi mmoja ambaye hakupita chuo chochote. Aliishia darasa la saba, akaenda gereji kushika tochi, na hadi leo hajaitoka. Mjomba alimwita akaja, akalizunguka gari mara mbili, akaanza kufungua. Mimi nilikuwa likizo, nikapewa kazi ya kuosha spana. Mambo matatu aliyoyakuta fundi yule ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii.

La kwanza, mkanda wa taiming ulikuwa umekatika. Injini za dizeli za gari hili zina mkanda wa mpira unaounganisha mzunguko wa chini na wa juu, na mtengenezaji anataka ubadilishwe kila baada ya kilomita laki moja au karibu na hapo. Ukikatika kwenye injini kama ile, valvu zinagongana na pistoni na hesabu imekwisha. Ili dereva asisahau, Toyota wameweka taa kwenye dashibodi, imeandikwa T-BELT. Muda ukifika inawaka, na haizimi mpaka ushughulike. Fundi akatazama dashibodi kwa nyuma akacheka. Balbu ya taa ile ilikuwa imechomolewa!

Fikiri, ndugu msomaji. Kuna mtu aliona taa inawaka. Hakwenda kubadili mkanda, ambao kwa gari la mamilioni yale ni spea ndogo. Alichomoa balbu. Taa ikazimika, bosi akafurahi, safari ikaendelea, na deni likamngoja mjomba na mikaratusi yake.

La pili, beringi za konrodi zilikuwa zimeliwa. Huo ni ugonjwa unaojulikana dunia nzima kwa injini zile za turbo za 1HD-T za miaka ya mwanzo ya tisini. Dawa yake pia inajulikana: kuzikagua na kuzibadili kabla hazijapiga kelele. Hakuna aliyezikagua.

La tatu ndilo lililonichoma. Kando ya wenzo wa gia kuna wenzo mwingine mfupi, wa gia ya nguvu, ule wa kuingiza gari linapokutana na tope au mlima mkali. Fundi aliushika akavuta, ukagoma. Akaita kijana mwingine wakavuta wote wawili. Ulikuwa umeganda kwa kukaa. Fundi akafuta mikono, akasema, "Hili gari halijawahi kuiona Rungwe. Tangu lizaliwe lilikuwa linatembea lami."

Mjomba akakaa juu ya tairi kimya. Mimi nilikuwa mtoto lakini nikaelewa. Kila tunapouliza kwa nini wakubwa wanahitaji magari haya, tunajibiwa kwamba barabara za vijijini ni mbaya na gari dogo haliwezi. Jibu linaonekana la haki. Sasa hapa kuna gari lililonunuliwa kwa sababu ya tope, likatumika miaka, likachakaa, likauzwa, na wenzo wa kulitoa kwenye tope haujaguswa. Mahakamani wenzo ule ungetosha kuwa shahidi.

Fundi kalifufua

Mjomba angeweza kulikata vipande akauza spea. Fundi akamzuia. Akamwambia chesisi ni nzima, haina kutu, ekseli zote mbili ni za chuma kigumu kuanzia gurudumu hadi gurudumu, springi zimelegea tu. Kilichokufa ni moyo, na moyo unapatikana.

Moyo wenyewe ni injini ya 1HZ. Ni silinda sita, ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, sawa kabisa na ile iliyokufa, ila haina turbo. Haina mbio wala makeke. Lakini ndiyo injini iliyomo kwenye hardtop nyingi za Afrika, pamoja na magari mengi ya wagonjwa, kwa hiyo spea zake zinapatikana Mbeya, na fundi wa kijijini anaijua kama anavyojua mikono yake. Uzuri mwingine ni kwamba Series 80 yenyewe ilikuwa ikitoka kiwandani na injini zote hizo, kwa hiyo unarudisha kitu penye nafasi yake, hulazimishi. Injini ilitoka kwenye hardtop iliyopinduka. Mjomba alilipa kwa mafungu, fungu moja kila msimu wa viazi. Kisha akaenda kubadili namba ya injini kwenye kadi ya gari, maana ukiacha hilo siku trafiki akikufunua kifuniko utajuta.

Mengine yalifuata polepole. Zile rimu pana za kung'aa zikauzwa, zikaja rimu za chuma na matairi membamba ya 7.50-16. Kijiweni walimcheka, wakasema amelivua shangingi viatu vya kisigino na kulivisha raba mtoni. Lakini Tukuyu inapata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wetu wa volkano ukilowa unateleza kama sabuni. Tairi pana huelea juu ya tope, jembamba hulikata na kutafuta sehemu ngumu chini. Springi zikaja mpya, zimenyanyua gari inchi mbili na si zaidi. Viti vya nyuma vikatolewa. Mkonga wa kuvutia hewa ukapandishwa hadi usawa wa paa. Kiyoyozi kikaachwa kilale, maana Tukuyu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na baridi tunapewa bure.

Na balbu ya T-BELT ikarudishwa. Hiyo mjomba aliisimamia mwenyewe.

Usiku wa Aprili

Mwaka 2019 mwezi wa nne, usiku wa mvua, simu ikaja kutoka kijiji kimoja cha juu upande wa Mwakaleli. Mkamwana wa rafiki yake mjomba alikuwa na uchungu tangu asubuhi na mtoto amekataa kutoka. Gari la wagonjwa lilikuwa limetoka na mgonjwa mwingine. Mjomba akaniamsha, "Mjomba, vaa koti, twende."

Sijapata kuona ukungu kama ule. Njia ilikuwa mto. Penye mteremko mmoja mjomba alisimama, akashika ule wenzo mfupi uliokuwa umeganda miaka yote ile, akauingiza taratibu, gari likashuka kwa injini bila kuguswa breki, kama mzee anayeshuka ngazi. Tukambeba mama yule, mama mkwe amemshika kichwa, mimi nimeshika taa. Palikuwa na sehemu mbili ambazo pikipiki ilikuwa imeachwa pembeni na mwenyewe amekimbia mvua. Alfajiri tulikuwa hospitali. Mama akapona, mtoto akapona.

Mama mkwe alimfuata mjomba nje, akasema, "Ndaga fijo, tata," na kumpa jogoo. Mjomba akamrudishia. Akamwambia, "Kuku wameshalilalia sana gari hili, mama. Mpikieni mzazi supu."

Nilikaa kwenye bampa nikafikiri. Gari hili lilinunuliwa kwa ajili ya wananchi. Hati zake zote zilisema ni kwa ajili ya wananchi. Lakini mwananchi amelipanda kwa mara ya kwanza likiwa na umri wa miaka 26, baada ya kutangazwa takataka, baada ya kuuzwa kwa mtu binafsi. Kwa maneno mengine, shangingi limekuwa mali ya umma siku lilipoacha kuwa mali ya umma!

Kwa vijana wenzangu

Najua mnalipenda gari hili. Hata mimi nalipenda, na sitawadanganya kwamba ni dhambi. Lakini sikilizeni maneno ya mtu aliyeosha spana.

Usinunue kwa macho. Rangi hupakwa kwa siku moja, kapeti huoshwa kwa sabuni. Lala chini utazame chesisi. Linganisha namba ya chesisi na kadi kabla hujatoa hata shilingi. Washa ufunguo bila kuwasha injini, uone kama taa zote za dashibodi zinawaka, na isiyowaka uulize nani kaichomoa. Vuta kila wenzo. Kagua habu za mbele: oili sili ya ndani ikichoka, oili ya difu huingia kwenye grisi na kuifanya uji, na uji ule hautunzi beringi. Rejeta usiijaze maji ya mtoni, utaikaanga injini kwa tope.

Usitoe fedha yote mnadani. Ukiwa na milioni tisa, tafuta gari la milioni tano, nyingine iache kwa fundi, maana atakuja tu. Na mkikarabati, karabatini kwa sababu. Nina rafiki aliyefunga turbo ya kuokota kwenye 1HZ ili akimbizane na watu wa mabasi kupanda Uyole. Injini ile haikuundwa kwa turbo. Ukiifunga bila kupima dizeli na joto, unaipikia kaburi. Silinda hedi yake ilipata ufa, na sasa anapanda mabasi yale yale. Mwingine alilinyanyua gari kama ghorofa, usukani ukaanza kutangatanga barabarani kama mlevi wa kimpumu.

Juu ya yote, jiulize litafanya kazi gani. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 leseni ya gari ya kila mwaka ilipofutwa, tozo ilihamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Maana yake mwenye injini kubwa analipa kila anapokanyaga. Mjomba ana sheria moja: haliwashwi bila mzigo. Shangingi lisilofanya kazi linamla mwenyewe, awe mkulima au awe taifa.

Kwa wakubwa

Sasa nigeukie juu. Raia akiagiza gari kuukuu kutoka Japani anatozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya uzee wa gari. Tunaambiwa gari kuukuu ni hasara. Sawa. Lakini la serikali likizeeka linauzwa kwa raia yule yule, na mahali pake linanunuliwa jipya. Kwa nini la kwake likizeeka ni kosa, na la kwenu likizeeka ni bidhaa?

Hili si jambo geni wala si siri. Mizengo Pinda akiwa Waziri Mkuu, kati ya 2008 na 2015, alilalamikia hadharani matumizi ya magari haya ya kifahari. Juni 2022, katika hotuba ya bajeti, Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba alipendekeza watumishi wakopeshwe magari wayamiliki wenyewe, ili serikali ipunguze mzigo wa kununua, kujaza mafuta na kutengeneza. Wakubwa wenyewe basi wameshakiri kwamba taa inawaka. Tunachouliza ni nani anabadili mkanda.

Majirani walithubutu. Rwanda mwaka 2005 iliyakusanya magari ya serikali ikayapiga mnada. Kenya mwaka 2009, Uhuru Kenyatta akiwa Waziri wa Fedha, iliwaagiza mawaziri warudishe magari makubwa na kupewa yenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,800. Yapo yaliyofanikiwa na yapo yaliyorudi kinyemela, lakini angalau walijaribu mbele ya watu.

Wapo watakaosema naonea wivu, kwamba mkuu hawezi kwenda Mwakaleli kwa baiskeli. Sijasema aende kwa baiskeli. Nasema aende! Na akienda, aende kwa gari ambalo wenzo wake wa gia ya nguvu unalainika kwa kutumika. Nina maombi matatu tu. Kila gari la umma liwe na daftari la safari ambalo mwananchi anaweza kulisoma, tujue limelala wapi na limeshinda wapi. Kabla ya gari lolote kutangazwa chakavu, liitwe jopo la mafundi, na wawemo wale wa mtaani wenye mikono ya oili, waseme kama limekufa kweli au limechomolewa balbu. Na lile litakaloonekana chesisi yake ni nzima, lisiende mnadani kwanza. Litiwe injini rahisi, lifungwe kitanda, lipelekwe vijiji vya mlimani likabebe wazazi. Fundi wa darasa la saba ameliweza hilo kwa fedha ya viazi. Serikali yenye wahandisi na vyuo itashindwaje?

Ndugu zangu, kila nchi nayo ina dashibodi yake. Taa zinawaka: hospitali, barabara, ajira kwa vijana wanaomaliza shule na kubaki vijiweni. Kuna njia mbili za kuizima taa. Moja ni kuinua kifuniko na kuchafuka mikono. Nyingine ni kuchomoa balbu na kuendelea na safari huku kiyoyozi kinapuliza. Ile ya pili ni rahisi, na bosi hufurahi. Ila mkanda haujui kwamba balbu imetolewa. Utakatika tu, na utakatikia mlimani.

Naomba kutoa hoja.